Punje ya Kahawa Ndani ya Landrova ya Mama Anastazia

Kabla hujafungua injini, toa kila kitu kilichomo mfukoni. Simu, funguo, sarafu, rozari, kila kitu. Hilo ndilo ningewaambia kwanza ninyi vijana mnaoshika spana pale Kayanga, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapa mkaenda zenu. Wasio na haraka wakae, niwasimulie jinsi mimi niliyewaimbia wenzangu neno hilo kwa zaidi ya miaka arobaini nilivyolisahau mwenyewe, siku ambayo sikupaswa kabisa kulisahau.

Naitwa Deo. Nilizaliwa Kihanga. Baba yangu alitoka Rwanda kuja kufanya kibarua cha kahawa, akaoa hapa, hakurudi tena. Siku hizi nimestaafu, niko Bugene, nina migomba na kahawa kidogo, napalilia asubuhi mpaka mgongo unikumbushe umri. Gereji niliiacha kwa hiari yangu, ingawa mke wangu anasema niliiacha kwa sababu nilianza kuwafokea wateja. Yote mawili ni kweli.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Seifu, Mungu amrehemu. Ukoo wake ulitoka Tanga, yeye akafuata biashara ya baba yake mpaka huku kwenye baridi, akabaki. Ovaroli yake ilikuwa inapigwa pasi. Kabla ya kufungua injini yoyote alitupanga mstari kama askari wa mpakani na kusema, "Mifuko nje!" Tukiwa tumeigeuza mifuko yote inaning'inia kama masikio ya mbuzi, ndipo alipotoa matambara. Matatu. Yanaingia kazini matatu, yanatoka matatu, na likipungua moja hakuna anayekwenda kula. Alikuwa na sababu yake. Ujanani mwake aliwahi kufunga injini ya lori na kijiko cha chai kikiwa ndani. Kijiko kilifikaje huko, hakutuambia kamwe.

Jambo moja tu tulishindwa kuelewana naye, nalo ni kahawa. Kwetu huku kahawa inachemshwa na majani yake, inakaushwa, mtu anaitafuna taratibu siku nzima. Mzee Seifu aliliona jambo hilo kama ushenzi. "Kahawa inanywewa, jamani," alikuwa akisema. "Kama mna meno yasiyo na kazi, tafuneni miwa." Tulimkaribisha kila siku na kila siku alikataa, mpaka ikawa ndiyo salamu yetu.

Sasa nije kwenye upepo.

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini alipokuja mkunga mmoja kijana wa zahanati ya Nyakatuntu, Anastazia, na Landrova ya petroli ya mume wake. Ilikuwa Ijumaa, Mzee Seifu yuko msikitini, gereji nimeachiwa mimi nisiyejua kitu. Dada yule akaniambia, nusu Kinyambo nusu Kiswahili, "Gari inavuta omuyaga." Omuyaga ni upepo. Na upepo niliokuwa naujua mimi kwenye gari ni ule wa matairi. Nikachukua pampu ya mguu, nikajaza matairi yote manne pamoja na la akiba mpaka yakawa magumu kama jiwe. Nikamwambia, "Tayari, dada. Haivuti tena."

Siku mbili baadaye alirudi. Alimkuta Mzee Seifu, akanionyesha kwa kidole.

"Huyu kijana wako amenirusha njia nzima. Kila jiwe, juu! Kila jiwe, juu! Nilikuwa nampeleka mzazi hospitali, amejifungulia njiani."

"Na mtoto?" akauliza Mzee Seifu.

"Mzima, wa kiume. Wamesikia habari ya huyu wakataka kumwita Deo. Nimewakataza."

Mzee Seifu alicheka mpaka akakaa chini na ovaroli yake iliyopigwa pasi. Halafu akanivuta sikio, kwa upole tu, akanielekeza kwenye injini. Alinifundisha siku ile jambo ambalo ninyi leo mnalisoma kwenye kimashine mnachochomeka chini ya usukani. Injini, aliniambia, hunywa hewa na petroli zilizochanganywa kwenye kabureta. Mchanganyiko ule hupita kwenye manifoldi, lile bomba la chuma lenye matawi, kila tawi na silinda zake. Pale manifoldi inapokutana na injini kuna gasketi, utando mwembamba wa kuziba. Gasketi ikichoka, hewa inapenya pembeni bila kupita kwenye kabureta. Yeye aliiita hewa ya wizi. Gari likisimama injini inavuma na kutetemeka, ukilipandisha mlima linakosa nguvu, linakohoa na kupiga chafya. Kuijua ni rahisi. Washa injini, chukua povu la sabuni kwa brashi, pakaza kwenye maungio polepole. Mahali ambapo povu linavutwa ndani na mlio wa injini unabadilika, hapo ndipo mwizi anapoingilia.

Kwa hiyo dada yule alikuwa amesema sawasawa kabisa. Gari lilikuwa linavuta omuyaga. Mjinga nilikuwa mimi.

Tangu hapo hakupeleka Landrova ile kwa mtu mwingine. Mzee Seifu alipofariki nikairithi kazi, na yeye akaendelea kuja. Dada Anastazia akawa Mama Anastazia, mume wake akafariki akazikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, yeye akastaafu, nami nikastaafu. Landrova peke yake ndiyo haikustaafu.

Mwaka huu, kahawa zikiwa bado zinaanikwa, akanipigia simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Deo, gari inavuta omuyaga."

"Nije na pampu?"

Siku zote hucheka nikisema hivyo. Safari hii hakucheka. "Njoo na akili yako yote," akasema, kisha akanieleza. Mwanawe Projestus, anayefanya kazi Mwanza, anataka ahamie kwake. Anasema mama yake anaishi peke yake, umri umekwenda, anaendesha gari lililomzidi yeye Projestus umri. Wamebishana kwenye simu mwezi mzima. Mwisho wake mtoto akasema sawa, anakuja. Jumapili watakwenda na Landrova kanisani Kayanga na kurudi Nyakatuntu, mama mwenyewe akiwa kwenye usukani. Likisukumwa hata mara moja, mama anafunga mizigo.

"Mwanza utafanya nini, Mama?"

"Nitaangalia televisheni." Alilitamka kama mtu aliyesomewa hukumu.

Nilimwelewa. Nusu ya watu wa pale kwake ni yeye aliyewapokea duniani, na mpaka leo mzazi akishikwa uchungu wanamwita, si afanye kazi, zahanati ina wakunga wake, wanamwita akae tu pembeni wamwone. Na kati ya nyumba yake na Kayanga kuna kilima kimoja kirefu, chenye kokoto, ambacho gari linalovuta hewa ya wizi halikipandi.

Gasketi niliiagiza Bukoba ikaja na basi, imefungwa ndani ya kipande cha boksi isikunjike. Yeye nilimwambia achukue dizeli kidogo, azilowanishe nati za manifoldi kwa unyoya wa kuku, Ijumaa mara mbili. Zingatieni hilo, vijana. Landrova za zamani manifoldi ya hewa na ile ya moshi zimefungwa pamoja, na nati za upande wa moshi zimeungua miaka yote hiyo. Ukizivamia kavu zinakatika, na kazi ya nusu siku inakuwa ya wiki.

Jumamosi nilipata lifti ya lori la ndizi, nikafika asubuhi. Projestus alikuwa afike jioni. Mama Anastazia akanipokea, akanikaribisha kigoda, akaleta kikapu kidogo cha kahawa. Nikakinga mikono miwili, akamimina. Mnajua wenyewe, kahawa ya kukaribishwa haikataliwi, wala haihesabiwi. Ukihesabu unaonekana unampima mwenyeji. Nikatafuna mbili tatu, zilizobaki nikatia mfuko wa shati. Kisha nikasimama mbele ya gari, nikajiambia kwa sauti, "Mifuko nje!" Simu nikaiweka kwenye kigoda, funguo, miwani ya akiba, kisu. Kahawa sikuikumbuka. Kwetu kahawa si kitu kilichomo mfukoni, iko pale tu, kama mate yalivyo mdomoni.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Nati zililainika zote. Niliitoa kabureta, nikaiteremsha manifoldi, nikaikuta gasketi imekatika upande wa nyuma, nyeusi kama kipande cha mkaa. Matundu ya injini yakabaki wazi, nikayaziba kwa matambara matatu. Nikaanza kukwangua mabaki ya gasketi, kwa kipande cha mbao ngumu na si kwa bisibisi, kwa sababu bisibisi inachora chuma na mchoro huo ndio njia mpya ya mwizi. Tundu la mwisho lilikuwa na uchafu ukingoni kabisa. Nikatoa tambara lake ili nilifikie vizuri. Nikainama.

Nikasikia tik.

Tik ndogo, kavu. Nikagusa mfuko wa shati. Punje nne. Nne kati ya ngapi? Sikujua, na sikuwa na namna ya kujua. Nikachukua simu, nikamulika ndani ya tundu. Lile tundu lina kona, mwanga unaishia kwenye kona. Nikaangalia chini ya gari. Palikuwa na kuku watatu wanadonoa.

Hapo shetani alikuja, nawaambieni ukweli. Akaniambia, Deo, imeanguka chini, kuku ameila, funga injini. Na hata kama imeingia, punje ya kahawa ni nini mbele ya Landrova? Itasagwa, itaungua, itatoka na moshi. Inawezekana ingekuwa hivyo. Inawezekana pia ingebanwa kwenye valvu, ule mlango wa kuingilia silinda, silinda moja ikafa, na kilima kile kikapandwa na silinda tatu, maana yake kisipandwe. Niliona aibu. Miaka yote hiyo ya kupiga watu kelele, na leo ni mimi, tena kwa mama huyu.

Yeye alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Nilimwendea.

"Mama, nadhani nimeangusha punje ya kahawa kwenye injini."

Aliacha kuchambua. "Kwenye tumbo la gari langu."

"Sina hakika. Labda kuku ameila."

"Kuku wangu hawali kahawa." Nilitegemea anitukane, na ningeona nafuu. "Imefika wapi?"

"Kama valvu imefungwa, imekaa juu yake. Kama iko wazi, imezama kwenye silinda, itabidi nitoe hedi, kile kichwa cha injini, na gasketi yake hatuna."

"Basi angalia mlango umefungwa au uko wazi. Unaniuliza mimi?"

Nikatoa kifuniko cha juu ya injini, pale zilipo roka, vile vyuma vinavyobembea kuzisukuma valvu. Ukiishika roka kwa vidole ikacheza kidogo, valvu yake imefungwa. Ikiwa imekaza, iko wazi. Na usithubutu kuizungusha injini kuangalia, maana utaifungua wewe mwenyewe. Niliishika ya silinda ile. Ikacheza. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahia chuma kulegea namna ile.

"Imefungwa, Mama."

Yeye alikwishaingia ndani. Nilisikia maji yanamwagika. Akatoka amenawa mpaka kwenye viwiko, amevaa miwani, ameshika sanduku la bati, na ndani ya sanduku akatoa koleo la kiuguzi, refu, jembamba, lililopinda kidogo mbele.

"Sogea," akasema.

"Polepole Mama, kuna kona, halafu ukifika kwenye..."

"Deo. Mkunga hapa ni nani?"

Nikasogea. Aliingiza koleo, akafumba macho. Hakuwa anatazama kabisa, alikuwa anasikiliza kwa vidole. Akasogeza kidogo, akatulia, akasogeza tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa gari kama baba anayesubiri nje ya wodi. Kisha akatabasamu macho yakiwa bado yamefumba, akavuta taratibu, na punje ikatoka, imepakaa mafuta inang'aa.

Akaiinua kwenye mwanga. "Mzima," akasema. "Huyu sasa ndiye tutamwita Deo."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Nilicheka na machozi yakanitoka, na si ya kicheko yote.

Nilihakikisha mara mbili kwamba hakuna nyingine, kisha nikafunga. Na hapa nisikilizeni, maana naona mnavyopaka silikoni kila mahali kama mama anayepaka mkate siagi. Gasketi hii inakaa kavu. Pima uso wa chuma kwa rula uone umenyooka. Zile bolti zinazoshikanisha manifoldi mbili zilegeze kwanza, ili zote mbili zilale sawa kwenye injini, utazikaza mwisho kabisa. Anza kukaza nati za katikati ukienda pembeni, kidogo kidogo, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Washa, iache ipate moto, izime, ipoe, kaza tena. Matambara nikayahesabu, matatu. Tukapaka povu. Halikuvutwa popote. Landrova ilitulia, ikawa inanguruma kwa adabu.

Jumapili asubuhi tulipanda watatu. Mama kwenye usukani na kitenge chake cha kanisani, Projestus mbele karibu naye, mimi nyuma, kwa kuwa ningeshukia Kayanga nirudi kwangu Bugene. Projestus ni mtu mwenye heshima, alinishika mkono kwa mikono miwili, "Shikamoo, Fundi," lakini macho yake yalikuwa kwenye vile vioo vya dashibodi. Upande ule wa kwenda kilima ni cha kuteremka. Mtihani ulikuwa wa kurudi.

Katikati ya njia Mama akasema, bila kumtazama mwanawe, "Jana Fundi alinitumbukizia kahawa kwenye injini."

Nilitamani kuruka nje.

"Eti?" Projestus akageuka, akanitazama mimi, akamtazama mama yake.

"Aliitumbukiza mwenyewe, hakuna aliyemwona, akaja kuniambia mwenyewe. Tukaitoa. Sasa wewe niambie, huko Mwanza gari likiharibika utalipeleka kwa nani, na akikosea atakwambia?"

Projestus hakuangalia tena dashibodi.

Walipotoka kanisani niliwaaga Kayanga, nikarudi shambani kwangu. Nilishika jembe nikapalilia mstari mmoja wa migomba, nikaumaliza, nikaanza kuupalilia uleule. Mke wangu aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa nahesabu safari yao kichwani. Sasa wamefika kwenye daraja. Sasa wako chini ya kilima. Sasa anaingiza gia ya pili, mkono wake una nguvu, ajitahidi tu asiiachie katikati.

Simu ikalia. Alikuwa Projestus.

"Fundi, tumefika."

"Mmesukuma?"

"Hatujasukuma." Akaongeza, "Kule kileleni alisimamisha gari makusudi, akaniuliza kama nataka kushuka nisukume."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo.

"Atabaki," Projestus akaendelea. "Nimemwambia atabaki. Ila nakuomba, Mzee wangu, uwe unapita kumwona. Gari na yeye."

Kwa hiyo napita, kila mwezi. Hakuna ubovu, tunafungua boneti tunatazama, tunafunga. Lakini utaratibu wa kahawa umebadilika. Mama Anastazia hamimini tena. Namkingia mikono miwili, naye ananiwekea moja moja, kwa sauti, kama anayemhesabia mtoto vidonge, "Moja, mbili, tatu," mpaka saba. Kwa desturi zetu huo ni utovu wa adabu mkubwa. Nikimaliza kutazama injini anasimama mlangoni na kiganja wazi, nimwonyeshe zilizobaki na nimweleze zilizoliwa, na hesabu lazima itimie.

Mwezi uliopita alihesabu mpaka saba, akasita, akaongeza ya nane.

"Hii ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya Seifu," akasema. "Alikataa kila mara nilipomkaribisha. Sasa hana la kusema."

Niliitazama ile punje kiganjani, nikamkumbuka mzee wangu na ovaroli yake. Sikuitafuna. Niliitia mfukoni. Boneti ilikuwa imefungwa.